Mbavu Sita za Harusi ya Romana

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimetolewa! Kamati ya harusi ya binti yangu Romana ilikaa jana, ikanywa soda, ikaamua kwamba atakayemshika mkono na kumwingiza kanisani ni Valence. Valence! Mjomba wake, sikatai. Lakini baba yake niko hai. Niko hapa Maisaka, napumua, natengeneza mageti. Hata kuniita hawakuniita. Na mwenyekiti wa kamati ni nani? Valence huyo huyo.

Huyu mtu nilimfundisha mimi kushika holda ya kuchomelea. Alikuja kwangu hajui kutofautisha chuma cha engo na bomba. Leo ana karakana barabarani, mashine tatu za kuchomelea, na bango lenye picha yake anacheka. Dada yake ni Hilaria, mke wangu, ambaye anaishi kwa kaka yake huyo Sigino mwaka wa tisa sasa pamoja na Romana, kwa sababu ya jambo dogo tu. Niling'oa bati za jikoni kutengenezea mashine ya kupukuchua mahindi. Ulikuwa mwezi wa nne, mvua ikanyesha. Mke mwenye subira angengoja nimalize.

Mchana nimeenda shuleni anakofundisha Romana. Akanipa shikamoo, akanipa kiti. Nikamuuliza kama ni kweli amekubali uamuzi ule. Akasema anataka niwe mimi, tangu zamani anataka niwe mimi, ila anaogopa kusimama mlangoni mwa kanisa na shela lake akimsubiri mtu asiyetokea. Akanikumbusha mahafali yake ya chuo. Nilichelewa, ndiyo. Nilikuwa nachomea tao la chuma ili wahitimu wapite chini yake. Nani mwingine alifikiria tao?

Tumekubaliana. Tarehe kumi na tatu, nikimchukua Sigino na kumfikisha kanisani saa nne kamili, nitamwingiza mimi. Valence atakaa benchi la pili. Akasema nije hata na bajaji. Hata na bajaji! Najua maana yake. Aibu tu ilimzuia kusema V8.

Jumatano, 3 Septemba

Nimewafukuza kuku kwenye gari. Limekaa nyuma ya karakana miaka minne, jirani amelifanya banda la kutagia. Watu wa mtaani huwa wanalicheka. Hawajui wanachokiona! Gari la Kimarekani la mwaka sitini na tisa, milango miwili tu, usukani kushoto, boneti ndefu kama meza ya mkutano. Aliliacha mzungu mmoja wa mashamba ya Kiru. Mimi nililipata kwa mzee Teodori, kwa geti moja na madirisha kumi na mawili. Injini silinda nane, V8 halisi. Nimetia betri, ikaguna mara tatu, ikanguruma mpaka mbwa wa mtaa wakakimbilia kichakani.

Tatizo ni chini. Chesisi imeliwa na kutu. Nimebonyeza kwa kidole, kidole kikaingia. Si neno. Mimi ni fundi. Nimechora mpango: mbavu sita za bomba la mraba, tatu kila upande, kutoka mbele hadi nyuma, juu yake mikanda ya springi za Fuso. Likikamilika hata ng'ombe wanane watapanda.

Jioni Valence kapita. Hajawahi kupita hapa tangu mwaka juzi, leo kapita. Kasimama mikono mfukoni, ananiita shemeji. Kaona gari limewekwa kwenye mawe, mawili mbele, mawili nyuma. Akaanza kunifundisha. Mimi! Eti nikwangue kutu mpaka chuma kiwe cheupe. Eti katikati niweke jeki, la sivyo bodi italegea tumbo nami nitaichomea ikiwa imelegea vile vile. Eti milango ibaki mahali pake, imefungwa, muda wote ninaochomea, ili nafasi yake isibadilike.

Nimemshukuru kwa upole. Alipokata kona tu nikaing'oa milango yote miwili.

Ijumaa, 5 Septemba

Kazi imepamba moto. Mbavu nne tayari. Umeme umekatika mara mbili, na mara ya pili nilibaki nimelala chini ya gari gizani, kinyago usoni, nikisikia kuku wakirudi. Cheche imeingia kwenye soksi. Nimepiga kichwa kwenye difu, lile bonge la chuma la ekseli ya nyuma.

Kutu sikukwangua. Ukikwangua kutu ya gari lile, hakuna kinachobaki cha kuchomelea. Nimechomea juu yake, taratibu, moto mwingi. Limetoka kovu zuri, nene. 

Nimepima kwa kamba, kona hadi kona, kama ninavyopima mageti miaka ishirini na sita. Sawasawa! Hata unywele haupishani. Geti likiwa sawa kona hadi kona halina neno, na gari ni geti lenye magurudumu. Sijui huko barabarani kwenye mabango wanapima na nini.

Jumapili, 7 Septemba

Sikwenda kanisani. Nimerudisha milango. Haiingii.

Imepungukiwa nafasi, vidole viwili juu, kimoja chini. Nimeitazama kwa muda mrefu. Bodi imelala katikati kama kitanda cha kamba. Ni mawe yale. Mawe ya Babati siku hizi hayana msimamo.

Ningeweza kukata mbavu zote na kuanza upya. Lakini Valence angesikia. Ana masikio kila karakana. Nimepiga grenda kingo za milango badala yake, zimebaki nyembamba kama sahani ya bati. Kisha nikaweka jeki katikati ya gari, nikapandisha, nafasi ikafunguka, milango ikaingia vizuri sana. Nikashusha jeki. Kah! Ikabanwa pande zote mbili.

Nimepita dirishani, nimekaa ndani nusu saa nikifikiri. Mwishoni nikapiga teke kona ya chini, kutoka ndani. Mlango ukafunguka. Nimerudia mara tano, mara tano umefunguka. Mlango unaofunguka kwa teke ni mlango. Nani kasema lazima ufunguke kwa kitasa?

Jumatano, 10 Septemba

Rangi nimepiga kwa brashi, nyekundu ile ya mageti. Vioo vya milango havipandi wala havishuki, kwa hiyo nimekatiwa vipya kwa fundi vioo na kuvigandisha kwa gundi moja kwa moja. Kimebaki kijidirisha cha pembe tatu kila upande cha kuingiza hewa. Kinatosha mkono.

Hilaria amekuja! Kwa miguu yake. Mara ya kwanza kukanyaga hapa tangu bati. Nilidhani amekuja kusema jambo, nikafuta kiti. Hakukaa. Akazunguka gari, akainama akaangalia chini, akagusa mlango. Akaniuliza bibi harusi atashukaje na gauni lile kwenye gari la milango miwili. Nikamwambia atashuka kama malkia. Akasema Romana amewaambia walimu wenzake wote kwamba baba yake ndiye atakayemwingiza. Kwamba usiku anafanya mazoezi ya kutembea, amemshika mama yake mkono, anamwita baba.

Akaniomba nikodi gari la mtu. Ameomba vizuri, hakugomba. Nikamwambia akamwambie kaka yake kwamba mbavu sita zimekwisha kuingia. Akaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 13 Septemba. Imeandikwa usiku, kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevimba.

Niandike kama ilivyokuwa, maana mjini tayari wanasimulia uongo.

Saa mbili na nusu nilikuwa Sigino. Suti, tai, viatu vya kuazima. V8 inanguruma, watoto wanakimbia nyuma. Romana alipotoka nje na shela lake nilisahau hata kuzima injini. Ndiye yule wa kubebwa mgongoni! Akapanda nyuma na matroni wake Ester, gauni likajaa mpaka kwenye shingo yangu. Mlango ukagoma kufunga, vijana wawili wakausukuma kwa bega. Ukafunga.

Barabara ya vumbi, mashimo, gari linalalamika chini. Kila shimo nasikia tak, tak. Nikaongeza muziki. Saa nne kasoro dakika kumi tulisimama mbele ya kanisa. Kabla ya wakati! Mimi! Nikamwona Valence kwenye ngazi anaangalia saa yake. Nikapiga honi ndefu.

Nikapiga teke mlango wangu. Kimya. Teke la pili. Nikamwambia Ester ajaribu wa kulia. Hauendi. Uzito wa watu watatu na gauni lile! Bodi ilikuwa imelala tumbo, imeshika milango yote miwili kama meno.

Sasa, kwetu bibi harusi hashuki kwenye gari hivi hivi. Upande wa bwana harusi lazima waje wambembeleze, wampe kitu, ndipo ashuke. Khanga mbili, vigelegele, basi. Akaja shangazi wa bwana harusi Laurian, mama Eliakunda, na wanawake kama ishirini wanaimba. Wakatandika khanga chini. Wakangoja. Hashuki. Wakaleta khanga nyingine mbili, wakazipitisha kwenye kijidirisha. Hashuki. Wakaleta seti ya sufuria na blanketi.

Romana akainama mbele, akaweka mdomo kwenye kijidirisha cha kulia, akawaambia kwa adabu kabisa kwamba mlango umekwama.

Vigelegele hivyo! Mama Eliakunda akawageukia wenzake, akatangaza kwamba bibi harusi anasema mlango umekwama, huyu si wa khanga, huyu anataka kitu kizito! Wanaume wakaitwa pembeni. Wakarudi wakaahidi mbuzi. Romana akarudia, mlango umekwama kweli, mama. Wakacheka mpaka machozi. Mbuzi wawili. Ester akagonga kioo kwa ngumi mbili. Baba yake Laurian akavua kofia, akatazama mbinguni, akatoa mtamba. Mtamba mzima!

Ningeweza kusema. Mimi ndiye fundi, ningeweka mdomo kwenye kijidirisha changu nikasema jamani, ni kosa langu, leteni jeki. Lakini Valence alikuwa pale pale, hatua tano. Nikatabasamu kama mtu anayefurahia mila.

Ndani joto kama tanuri. Romana akaniuliza polepole kama mlango umewahi kufanya hivi. Nikamwambia haujawahi. Akasema, baba. Hilo tu. Kisha akaingiza mkono kati ya viti, akanishika bega, akasema si neno, umenifikisha kwa wakati, nimeona mwenyewe. Akasema tukitoka humu nimshike mkono hata kama nina jasho, yeye hajali glovu. Nilikuwa napiga teke, kiatu cha watu kikapasuka kidole.

Padri akatoka mara ya kwanza. Padri akatoka mara ya pili, akasema saa sita ana harusi nyingine.

Ndipo nikamwona Valence anavua koti. Hakuuliza mtu. Akachukua jeki kwenye gari lake, akalala kifudifudi kwenye vumbi na shati lake jeupe, akaiweka katikati, upande wa kulia, pale pale aliponiambia siku ile. Akapampu mara nne. Tik. Mlango wa kulia ukafunguka wenyewe, bila teke. Wanawake wakapiga vigelegele, wakaanza kuusifu mtamba.

Ester akashuka. Romana akashuka. Akageuka, akainama na shela lake lote, akaninyooshea mkono ndani ya gari. Baba, pitia huku. Na Valence, amejaa vumbi mpaka nyusi, akasema shemeji, pitia huku huku, wala usijali.

Wala usijali!

Nikawaambia mtu aliyelileta gari anashukia mlango wake. Nikamwambia Valence aondoe jeki yake chini ya gari langu. Romana akasema tena, baba, tafadhali. Mkono bado ameunyoosha. Nikasema dakika moja tu, nikageukia mlango wangu. Kwaya ikaanza. Ubeti wa kwanza ukaisha, nikaupiga teke. Ubeti wa pili ukaisha, nikaupiga ngumi, mkono wa kulia ukaumia. Nilipogeuka kuuangalia ule mkono, haukuwapo. Walikuwa wanapanda ngazi, yeye na Valence, na kwenye shati la Valence hata vumbi hawakuwa wamelifuta.

Nimesikia yote kwenye spika. Laurian kakohoa kwenye kiapo. Romana sauti yake haikutetemeka. Watu walipokaa nikapita juu ya kiti, nikashukia mlango wa kulia. Hakuna aliyeniona isipokuwa mlinzi wa kanisa. Akaniuliza kama mimi ndiye dereva.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimetuma ujumbe kwa kamati kudai mtamba uwe wangu. Hoja yangu ni rahisi. Bila mlango wangu wangeishia kwenye khanga nne. Hawajajibu. Kuna mtu ametuma picha ya kidole gumba tu.

Jioni Romana amekuja. Peke yake, na nguo ya kawaida. Nilikuwa chini ya gari. Akachuchumaa, akaniita nitoke, nikatoka. Nikamweleza kuhusu springi za Fuso, kwamba tatizo ni ubavu wa tatu. Akaniacha nimalize. Kisha akasema Jumapili watu wa pande mbili wanakula kwake na Laurian, Nangara, chakula cha mchana, saa saba. Nije. Nisije na gari. Nisije na geti, wala tao, wala kitu chochote. Nije kwa miguu, mikono mitupu, nikae mezani karibu naye. Akasema siku ile alikuwa ananiomba mkono, hakuwa ananiomba mlango.

Nikataka kulia. Nikamwambia ni moshi wa kuchomelea unaniuma macho. Mashine ilikuwa imezimwa. Akanifuta shavu kwa khanga yake, grisi ikabaki kwenye khanga.

Nimemuahidi. Kwa miguu, mikono mitupu, saa saba. Sijawahi kuahidi jambo rahisi namna hii.

Jumapili, 21 Septemba

Nilikuwa tayari tangu saa tatu. Nimeoga, nimevaa. Kutoka hapa hadi kwao ni mwendo wa nusu saa, nikaona nina muda mwingi.

Kisha nikawaza. Valence atafika na gari. Atashukia mlango, mlango utafunguka, watu wataona. Mimi nitoke vumbini kwa miguu kama mtu aliyekuja kuomba kazi? Romana alisema nisije na gari kwa sababu gari lina milango. Hilo ndilo aliloliogopa. Gari lisilo na milango haliwezi kumfungia mtu. Ni akili ya kawaida tu! Nikawasha grenda.

Milango imetoka kwa dakika kumi. Lakini ulipotoka wa kushoto bodi ikalala zaidi, ubavu wa tatu ukakatika, wa nne ukaufuata. Ningefanyaje, niliache hivyo? Nimeingia chini na mashine. Simu imelia saa saba na robo. Saa saba na nusu. Saa nane. Ilikuwa mfukoni na mikono yote imeshika moto, hakuna fundi anayepokea simu akiwa na moto mkononi. Saa tisa iliacha kulia.

Saa kumi na moja nikaona viatu pembeni ya gari. Vya Valence. Hakuinama, hakusema habari ya mbavu, hakusema shemeji. Akaweka chini sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, imefungwa na kitambaa. Akasema Romana aliniwekea kiti na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Akaondoka.

Nimekula hapo hapo chini ya gari. Pilau, nyama ya mbuzi, kachumbari. Ilikuwa imepoa kabisa, mafuta yameganda. Ndiyo hivyo, ukimpa Valence chakula cha mtu akilete.

Mbavu za kushoto zimeshika vizuri. Kesho naanza za kulia, na mara hii sitaweka mawe mawili mbele, nitaweka matatu. Jumapili ijayo nitamfanyia Romana mshangao.